Mshtuko Huishia Wapi

Fundi hakuuliza gari linaumwa nini. Tulikuwa ndio kwanza tumeingia Mto wa Mbu kutoka Ngare Sero, vumbi la Ziwa Natron limeganda kwenye kope zetu, na injini haijatimiza dakika mbili tangu izimwe. Alipiga goti kwenye gurudumu la mbele kushoto, akapenyeza vidole katikati ya mizunguko ya springi mpaka vikagusa shokapu iliyo ndani, akavitoa upesi. "Ina moto," akasema. Akazunguka nyuma. Kushoto, moto. Kulia, moto. Alipofika mbele kulia, upande wa dereva, vidole viliingia visitoke. Akanivuta mkono, akauelekeza palepale. Nikagusa chuma cha baridi, baridi ya mtungi uliowekwa kivulini, na hali tulikuwa tumetoka kugongwa na mawe saa tatu nzima.

"Hii imekufa," akasema. "Iliyo hai lazima iwe na moto."

Nilikuwa na gari lile mwaka wa sita, nikiamini kinyume. Kwangu, kitu chochote cha moto chini ya gari kilikuwa dalili ya ubovu: breki inayong'ang'ania, beringi iliyokauka grisi. Baridi niliihesabu kuwa ndiyo afya. Tangu siku ile nimekuwa nikiufikiria ubaridi ule, na kila nikiufikiria unanipeleka mbali na gereji.

Springi na shokapu hukaa pamoja, na wengi wetu huzitaja kwa pumzi moja, lakini kazi zake ni mbili tofauti. Springi hubeba. Ndiyo inayoliinua bodi juu ya ekseli, na gurudumu likipanda jiwe, yenyewe hujikunja ili jiwe lisimfikie abiria. Robert Hooke wa Uingereza alichapisha kanuni yake mwaka 1678: kadiri unavyoizidishia springi mzigo, ndivyo inavyozidi kujikunja, kwa kipimo kilekile. Kama kilo 40 zinaifupisha kwa sentimita 1, kilo 80 zitaifupisha kwa sentimita 2. Uondoe mzigo, hurudi ilipokuwa. Ni mdaiwa mwaminifu: ilichokopeshwa hukirudisha karibu chote. Na shida iko hapohapo. Pigo la jiwe hurudishwa juu, gari likainuka, likashuka, springi ikajikunja tena, ikarudisha tena. Gari lenye springi peke yake huvuka shimo moja na kuendelea kulisimulia hadi shimo la pili.

Shokapu haibebi. Ziondoe springi uziache shokapu nne, na gari litalala chini taratibu kama mgonjwa anayeshushwa kitandani. Shokapu ni bomba lenye oili, na ndani ya oili kuna pistoni yenye vitundu na valvu. Springi ikijikunja au ikijinyoosha, pistoni hulazimika kupita kwenye oili, na oili hulazimika kupenya kwenye vile vitundu, nayo haikubali kupenya kwa haraka. Katika kukataliana huko mwendo hugeuka joto. Oili hupata moto, bomba likapata moto, upepo wa njiani ukalichukua joto na kwenda kulimwaga kwenye majani makavu. Hivyo ndivyo jiwe la njia yetu ya Engaruka linavyokwisha. Hakuna anayelifuta. Linapokewa, linageuzwa joto, na joto linaachiwa hewa.

Basi kama shokapu ya upande wangu ilikuwa baridi baada ya saa tatu za mawe, yale mapigo yote ambayo ilipaswa kuyapokea yalikuwa yamekwenda wapi? Swali hili Fundi alilijibu bila kuulizwa. Alinitazama nilivyoshuka, mkono mmoja mlangoni na mwingine kiunoni, akatikisa kichwa.

Gari lenyewe ni Land Rover 110. Land Rover za kwanza, za mwaka 1948, zilikalia springi za mapande bapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Mapande yale yalisuguana kila yalipopinda, na kusuguana kwake kulipunguza mruko. Springi ilikuwa na ushokapu kidogo ndani yake. Mwaka 1970 kampuni hiyo ilitoa Range Rover yenye springi za koili kwenye magurudumu yote, na mwaka 1983 koili zikaja kwenye gari la kazi, ndilo hili la 110. Koili huliacha gurudumu lishuke sana kwenye korongo na kupanda sana juu ya mwamba, huku matairi mengine yakiwa bado yanagusa ardhi. Lakini waya uliozungushwa haujisugui na kitu. Haumezi chochote, na kila ulichopewa unakiacha mikononi mwa shokapu. Aliye na koili nzuri na shokapu mfu anakuwa na gari linalokumbuka kila kitu.

Njia nayo hukumbuka. Wanaoipita barabara ya vumbi ya Natron wanayajua yale mawimbi yaliyolala kukingama njia, kama mtu ametandaza bati la migongo midogo kilomita kwa kilomita. Nilipokuwa mtoto niliambiwa ni mvua, wengine wakasema ni katapila. Mwaka 1963 mwanafizikia Keith Mather alichapisha matokeo ya majaribio yake: aliliendesha gurudumu dogo likizunguka kwenye duara la mchanga uliosawazishwa, na mchanga ukajikunja mawimbi wenyewe, pasipo mvua wala katapila. Mwaka 2007 watafiti wa Canada, Uingereza na Ufaransa walirudia jambo hilo kwa mashine zao wakapata hayohayo: gurudumu likiuvuka mwendo fulani, kila kinundu kidogo hulirusha, na linapotua huuchimba mchanga na kuusukuma mbele ukawa kinundu kingine. Kwenda polepole sana ndiko tu kunakoiacha njia ikiwa sawa, na ni mwendo ambao mwenye safari hauvumilii.

Kwa hiyo mawimbi yale ni mapigo ya magari yaliyotangulia. Aliyepita jana alirushwa na kinundu, akatua, akaniachia mimi shimo. Nami nikatua, nikamwachia wa kesho. Na gurudumu ambalo shokapu yake imekufa hutua kwa kishindo zaidi kuliko yote, maana hakuna kitu cha kulishika. Miezi yote niliyoendesha na shokapu baridi, nusu ya mshtuko niliubeba kiunoni na nusu niliupiga chini, ukamsubiri mwenye pikipiki, mwenye punda, na basi la Loliondo.

Nasema miezi kwa sababu nilijua. Sikujua kwa vidole kama Fundi, lakini nilijua kwa namna gari lilivyokuwa likiinamisha pua kila nikikanyaga breki, na tairi la kulia lilivyoanza kulika kwa mabakamabaka. Niliahirisha masika moja, nikaahirisha vuli. Kila mara nilijiambia kwamba gari linatembea. Na kweli lilikuwa linatembea. Kitu kinachomeza mishtuko kikifa, safari haisimami. Huendelea, ila gharama inahamia kwa mwingine, na kwa kuwa haina risiti, mtu huiona kama akiba.

Tulifanya kazi siku mbili. Gari liliinuliwa kwa jeki, chasisi ikakalishwa juu ya stendi, magurudumu yakatolewa. Jeki ya pili ikawekwa chini ya ekseli, kwa sababu ekseli isiposhikwa huning'inia kwenye mpira wa breki, na mpira wa breki haukuumbwa kuning'iniziwa chuma. Kwenye 110, shokapu ya mbele hupita katikati ya koili, na kichwa chake hushikwa na kikombe cha chuma kilichofungwa kwa nati nne juu ya ringi yenye studi nne. Nati hizo hukaa miaka na miaka zikinyeshewa na matope. Fundi alizipulizia oili ya kupenya jioni ya kwanza, akaziacha zilale nayo. Asubuhi alivisha spana kwenye ya kwanza, akaongeza urefu wa mpini kwa kipande cha bomba, akavuta kidogo, akarudisha kidogo, akavuta tena. Alikuwa akisikiliza. Tatu zilikubali. Ya nne ililia mlio mwembamba, studi ikakatika na kubaki ndani ya nati.

"Nilijua," akasema, bila hasira. Kwenye mfuko wa plastiki alikuwa ameshaweka ringi mpya.

Koili ya zamani ilipotoka aliisimamisha juu ya meza kando ya mpya. Ilikuwa fupi kwa upana wa vidole viwili. Nilidhani chuma kimechoka, kimelegea. Fundi alinieleza sivyo. Chuma cha springi hakipotezi ugumu wake kirahisi. Ukiipima ile ya zamani kwa kuiongezea mzigo, hujikunja kwa kipimo kilekile ilichojikunja siku ilipotoka kiwandani. Ilichopoteza ni kimo. Imekaa chini ya mzigo miaka mingi mpaka imeisahau ile nafasi ya juu iliyokuwa ikiirudia. Inabeba vilevile, ila inabeba ikiwa imeinama.

Kisha akachukua shokapu mfu na mpya, akanipa moja kila mkono. Mfu iliingia na kutoka kama pampu ya baiskeli isiyo na mpira ndani. Kwenye shingo yake vumbi na oili vilikuwa vimeshikana vikawa tope jeusi. Pale ndipo oili ilipokuwa ikivuja. Mpya ilikataa. Nililazimika kuiegemea kwa kifua ndipo ikashuka, polepole, kwa mwendo wake yenyewe wala si wangu. Aliniagiza niisimamishe wima na kuipandisha na kuishusha mara kadhaa kabla ya kuifunga, ili hewa iliyoingia kwenye oili wakati imelazwa dukani ipande juu. Hewa haina ukaidi wa oili. Ikibaki njiani mwa pistoni, pistoni hupita bure.

Siku zote mbili mjomba wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya mjohoro, akitutazama. Gari hili alilijua kabla yangu. Alikuwa dereva wake kwa miaka kumi na minane, akiwa ameajiriwa na taasisi ya huduma za afya iliyolitumia kupeleka chanjo na kuwachukua wagonjwa kwenye vijiji vya chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Walipoliuza kwa mnada, nililinunua kwa sababu yake. Yeye mwenyewe walikuwa wameshamstaafisha kwa mgongo. Akitaka kuinuka kwenye kigoda huinuka kwa vituo vitatu: mikono magotini, mikono kiunoni, kisha anasimama na kungoja kidogo kabla ya kupiga hatua.

Mjomba ni mtu wa Tabora. Wenzake kazini walikuwa na neno lao kila ilipotokea safari ambayo hakuna aliyeitaka: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Walilisema kwa utani, naye alilipokea kwa utani. Methali hiyo ilizaliwa njiani. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo na kurudi bara na nguo na shanga, karibu kilo 30 kila mmoja, kwa mamia ya kilomita, kwa miguu. Walikuwa mabingwa wa kazi hiyo, wenye fahari nayo, na methali inawasifu kwa haki. Lakini nikiisikia leo nasikia ndani yake sauti ya pili, sauti ya yule anayesifu bega la mwenzake ili lake libaki tupu.

Nilimuuliza mjomba kama wakati wake shokapu zilikuwa zikibadilishwa.

"Tuliandika maombi," akasema. "Gari lilikuwa linatembea, mpwa wangu. Gari likitembea nani atakusikia?"

Akaniambia alivyofanya. Alifunga kitenge kiunoni, akakikaza, akakalia blanketi lililokunjwa mara nne. Akiwa na mama mwenye uchungu nyuma, aliyavuka mawe tairi moja moja, breki ikianza mapema, klachi nusu, akilisikia jiwe kwa nyayo kabla bodi haijalisikia. Kwenye mawimbi alikwenda mwendo wa mtu anayetembea. Makasha ya chanjo aliyaweka upande wa kushoto kwa kuwa aliujua upande uliokuwa ukipiga zaidi. Wakati huo nilikuwa nimeishika ile shokapu mfu, na mikono yangu ikaelewa kabla ya akili. Chuma kilikuwa kimeacha kumeza, na mahali pake akakaa mtu. Akina mama walifika. Chupa za chanjo zilifika. Mshtuko ulikuwa umeishia kwenye pingili za mgongo wa mjomba wangu.

Kiswahili chetu kina neno ambalo sijaona wengi wakilitafakari kwa sababu tunalitumia kutwa nzima. Mtu akijikwaa, tunamwambia pole. Akirudi shambani, pole na kazi. Akishuka kwenye basi, pole na safari. Hatukumwangusha sisi, wala si kuomba radhi. Ni kumwambia: nimeona kwamba kitu kimekupiga, na ninaupokea upande mdogo wa pigo hilo. Naye hujibu, asante, nimeshapoa. Sikio la Mswahili husikia undugu kati ya pole na kupoa. Mtu hupoa kwa kuwa alipata moto.

Hapo ndipo niliporudi kwenye ule ubaridi nilioushika kwa vidole siku ya kwanza. Kuna kupoa, na kuna kuwa baridi. Shokapu nzima, gari likisimama kivulini, hupoa baada ya muda. Imepokea, imemeza, imeachia. Shokapu mfu haipoi. Ilikuwa baridi asubuhi, ikawa baridi njiani, ikafika ikiwa baridi, kwa kuwa hakuna kilichopita ndani yake. Wako watu na ziko ofisi za namna hiyo. Ukizigusa baada ya safari ndefu zaidi unazikuta tulivu, na kwa haraka unaweza kuusifu utulivu wao. Tafuta nani aliye na moto karibu nao.

Hata aliye hai ana mpaka wake. Shokapu ikipigwa mfululizo bila kupumzishwa, oili huwa nyepesi, hufanya povu, na nguvu ya kushika hupungua. Gari huanza kuyumba kana kwamba limekufa shokapu zote. Madereva wa njia ndefu wanalijua hilo. Husimama, hufungua milango, hunywa maji, huacha chuma kipoe. Ni dakika chache tu. Mjomba aliziwekea shokapu dakika hizo hata pale zilipokuwa hazina kitu cha kupoza. Mgongo wake mwenyewe haukuwekewa.

Jioni ya siku ya pili, Fundi alipokaza nati ya mwisho na gari kushushwa, lilisimama juu kuliko nilivyowahi kuliona, bega la kulia likiwa sawa na la kushoto. Nilidhani mjomba atataka usukani. Alizunguka polepole, akafungua mlango wa nyuma, akashika ukingo, akapanda na kukaa kwenye benchi walipokuwa wakikaa wagonjwa.

"Sijawahi kukaa huku," akasema. "Twende."

Tulishika njia ya vumbi kuelekea kaskazini, ukuta wa Bonde la Ufa upande wa kushoto ukianza kuwa wa zambarau. Niliendesha kama alivyokuwa akiendesha yeye, tairi moja moja. Mawe yalikuwepo, nilikuwa nikiyasikia, lakini kila moja lilikuwa likija mara moja tu na kwisha. Kwenye kioo nilimwona mjomba amelegeza mabega, mikono imelala mapajani, haijashika kitu. Tulikwenda nusu saa, tukageuza, tukarudi tukiwa na taa.

Gereji alishuka wa kwanza. Hakwenda kwenye kigoda. Alikwenda mbele kulia, akashika bampa, akajishusha kwa vituo vyake vitatu, safari hii kuelekea chini, mpaka goti likagusa ardhi. Akapenyeza vidole katikati ya koili mpya. Nilimwona akiviondoa haraka, kisha akavirudisha, safari hii kwa mgongo wa mkono, kama tunavyompima mtu homa.

"Pole na kazi," akaiambia.

Fundi akazima taa ya mkononi. Tukamwacha akae pale kadiri alivyotaka, chuma kikianza kupoa.